KUUNGANISHA MISHIPA BILA KISU WALA UZI: NI KWELI AU NI POROJO?



Wiki iliyopita mdau mmoja aliyeomba jina lake lihifadhiwe alinitumia barua pepe, na nimeona swali lake lisijibiwe chemba. Mzee wake figo zimegoma. Anasafishwa damu kwa mashine kupitia mpira uliowekwa shingoni. Daktari kasema huo mpira ni wa muda tu, mzee afanyiwe fistula mkononi. Familia imekaa kikao na imekataa. Baba mdogo anasema mshipa ukikatwa mkono utakufa. Shangazi anauliza fistula ya mwanaume imetoka wapi, maana anavyojua yeye fistula ni ya kina mama. Halafu kuna binamu yuko Marekani, kapiga simu kawaambia wasubiri kwanza, siku hizi kuna teknolojia ya sumaku, mishipa inaunganishwa kwa ndani bila kisu wala uzi.

Mdau anauliza: hiyo kitu ipo kweli au ni porojo? Na mzee asubiri?

Jibu fupi: ipo kweli. Kusubiri, hapana. Jibu refu ndio hili hapa chini, chukua chai yako kabisa.

Angalizo: mimi si daktari. Elimu yangu ni kidato cha nne, nilichonacho ni muda wa kusoma na ubishi wa kuuliza. Mambo ya mgonjwa wako mmalizane na daktari anayemuona.

KWANZA TUKUBALIANE MANENO

Kwa maoni yangu nusu ya ugomvi wa hicho kikao umeletwa na maneno mawili, "fistula" na "mshipa".

Hapa kwetu ukitamka fistula kila mtu anamfikiria mama aliyepata matatizo wakati wa kujifungua akabaki anavuja mkojo au haja kubwa. Hospitali kama CCBRT ya Dar zimefanya kazi kubwa kuwatibu kina mama hao, na matangazo tumeyasikia. Kwa hiyo shangazi ana haki ya kushangaa. Ila kwa madaktari neno hilo ni pana zaidi. Fistula ni njia yoyote inayounganisha sehemu mbili za mwili ambazo kwa kawaida hazikuungana. Ile ya kina mama ni maradhi, inatakiwa izibwe. Ya mgonjwa wa figo inatengenezwa makusudi mkononi, na inatakiwa ibaki wazi miaka mingi iwezekanavyo.

Mshipa nao una vituko vyake. Kiswahili chetu kinaita mshipa karibu kila kitu chenye umbo la kamba mwilini. Kuna mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na kuna watu hata ngiri wanaiita mshipa. Sasa mzee wa watu akisikia "mshipa utakatwa" anapata picha ya mtu aliyepooza. Kwa hiyo humu nitatumia maneno mawili tu. ATERI ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini. Una presha kubwa na ukuta mnene. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hicho kinachodunda ndio ateri. VENA ni mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Una presha ndogo na ukuta mwembamba. Hizo za kijani unazoziona juu ya mkono, ambazo nesi anazipigapiga akitaka kukuwekea dripu, ni vena.

Haya, twende.

KWA NINI MASHINE HAITOSHEKI NA VENA YA KAWAIDA

Mashine inavuta damu kutoka mwilini, inaipitisha kwenye chujio, halafu inairudisha. Kwa kawaida mgonjwa anaunganishwa mara 3 kwa wiki, kila mara saa 4 hivi. Ili uchafu utoke wa kutosha ndani ya muda huo, mashine inavuta kama mililita 300 kila dakika, mara nyingi na zaidi. Yaani ni kama chupa ya soda kila dakika kwa saa nne mfululizo. Piga hesabu, zinapita lita 72, wakati mtu mzima ana damu lita 5 hivi tu. Maana yake damu ile ile inazungushwa tena na tena.

Vena ya kawaida ya mkononi haipitishi damu kiasi hicho. Ukiivuta kwa nguvu inanywea. Ateri damu inayo, lakini iko ndani, inauma ikichomwa, na ukiitoboa kwa sindano nene mara tatu kila wiki utaiharibu na mgonjwa anaweza kuvuja damu vibaya.

Ndipo inapokuja hiyo fistula. Daktari anaunganisha ateri na vena iliyo jirani yake, ile damu ya presha inaingia moja kwa moja kwenye vena. Fikiria barabara kuu imefunguliwa mchepuko kwenda barabara ya mtaani kwenu. Magari yanamiminika. Barabara ya mtaani ingekufa, lakini vena ni kitu hai. Ikizidiwa na damu inapanuka na ukuta wake unakuwa mnene. Baada ya wiki kadhaa inakuwa mshipa mpana, mgumu kiasi, ulio karibu na ngozi, unaoweza kuchomwa sindano mbili kila siku ya mashine, moja ya kutoa na moja ya kurudisha.

Huko kupanuka kunaitwa kukomaa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2006 uliweka kanuni rahisi kukariri, kanuni ya sita. Wiki 6 baada ya kutengenezwa, fistula ipitishe walau mililita 600 kwa dakika, vena iwe na upana wa walau milimita 6, na isizame chini ya ngozi zaidi ya milimita 6. Kumbuka hizo wiki sita, tutazirudia kwenye suala la kusubiri.

MPIRA WA SHINGONI UNA UBAYA GANI?

Mpira wa shingoni ni msaada mkubwa siku ya dharura, ndio maana mzee aliwekewa. Unaingizwa kwenye vena kubwa na unaweza kutumika siku hiyo hiyo. Umeokoa watu wengi sana.

Tatizo ni kwamba ni mlango ulioachwa wazi. Upande mmoja uko nje ya ngozi, upande wa pili umefika karibu na moyo. Vijidudu vikipita hapo vinaingia kwenye damu moja kwa moja. Mgonjwa mwenye mpira akipata homa au kutetemeka baridi, hasa akiwa kwenye mashine au muda mfupi baadaye, msimpe panadol mkalala. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Tatizo la pili ni la kimya kimya. Mpira ukikaa muda mrefu unakwaruza vena kubwa za kifuani mpaka zinasinyaa. Zikisinyaa, hata ukija kutengeneza fistula nzuri mkono wa upande huo, damu inakosa pa kutokea na mkono unavimba. Yaani kila mwezi anaokaa na mpira, mzee anaweza kuwa anakula akiba ya mishipa yake ya kesho. Mipira iliyowekwa chini ya mtulinga ndiyo yenye sifa mbaya zaidi kwa hilo, ndio maana madaktari wanapendelea shingo, na shingo upande wa kulia.

HISTORIA KIDOGO, KUANZIA LYON MPAKA BRONX

Usifikiri kushona mshipa wa damu ni jambo dogo. Mwaka 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata vena kubwa ya ini. Madaktari waliokuwepo hawakuwa na namna ya kuishona ile vena, na rais akafa. Kijana mmoja aliyekuwa anasomea udaktari hapo hapo Lyon, Alexis Carrel, lile jambo lilimkaa kichwani. Akaenda kujifunza kwa mwanamke fundi wa kudarizi namna ya kutumia sindano nyembamba na uzi laini. Mwaka 1902 akaandika mbinu yake. Tundu la mshipa ni duara na duara inasumbua kushona, basi yeye aliweka nyuzi tatu za kuvuta pembeni, duara ikawa pembetatu, kisha akashona upande mmoja mmoja kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Msingi wa kushona mishipa mpaka leo ni ule ule.

Mashine nayo ilikuwa na mkasa wake. Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza mashine yake wakati wa vita, mwaka 1943, akitumia ngozi bandia ya kufungia soseji kama chujio. Ilifanya kazi, ila kila mara ilibidi mshipa mpya ukatwe ili damu itoke. Mishipa ikiisha, na matibabu yameisha. Mwaka 1960 kule Seattle, Marekani, Belding Scribner akaja na mirija ya tefloni, ile plastiki ya kwenye vikaango. Mmoja kwenye ateri, mmoja kwenye vena, ikiunganishwa nje ya mkono muda wote. Mgonjwa wake wa kwanza, aliyekuwa anakufa, aliishi zaidi ya miaka kumi. Lakini mirija ilikuwa inaziba, inaoza, na ikichomoka ni hatari.

Ndipo mwaka 1965 hospitali ya maveterani wa jeshi huko Bronx, New York, madaktari James Cimino na Michael Brescia wakamtumia mpasuaji Kenneth Appel kuunganisha ateri na vena moja kwa moja chini ya ngozi, kwenye kifundo cha mkono. Hakuna plastiki, hakuna kitu nje. Walichapisha matokeo yao mwaka 1966. Fistula ambayo daktari wa mzee ameisema ni mtoto wa ile ya Bronx.

Sasa kwa wanaosema hii ni majaribio, hesabu hapo, ni zaidi ya miaka 50. Na kushona mishipa si kitu kigeni hapa nyumbani. Novemba 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, wakishirikiana na madaktari kutoka India, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikafanya. Figo haipandikizwi bila kushona ateri na vena.

HIYO YA SUMAKU SASA

Tumfikie binamu. Tarehe 22 Juni 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa ruhusa kwa vifaa viwili kwa mpigo vinavyotengeneza fistula kwa kutumia katheta. Katheta ni kamrija kembamba kanakopitishwa ndani ya mshipa. Vyote viwili vinaacha mkono bila mshono. Ila vinafanya kazi kwa njia tofauti, na watu wanavichanganya.

Cha kwanza kiliitwa everlinQ, baadaye kikaitwa WavelinQ. Hiki ndicho cha sumaku. Kule ndani ya mkono, chini ya nyama, kila ateri inatembea na vena zake ubavuni kama mtu na kivuli chake. Daktari anapitisha katheta moja kwenye ateri na nyingine kwenye vena iliyo ubavuni mwake. Kila katheta ina sumaku. Zikifika usawa mmoja sumaku zinavutana, na mishipa yenyewe inavutwa ikagusana. Daktari anahakikisha kwa picha za eksirei kwamba zimekaa sawa. Kisha kwenye katheta ya vena kinachomoza kijiwaya, unapitishwa umeme wa mawimbi ya redio kwa muda mfupi sana, na joto lake linatoboa kuta zote mbili kwa pamoja. Linabaki tundu jembamba la milimita chache, damu ya ateri inaingia kwenye vena.

Swali ambalo najua mtaniuliza: mbona damu haivuji pembeni? Kwa sababu mishipa hiyo miwili iko jirani sana na imeshikwa pamoja na nyama zinazoizunguka, na lile joto linafunga kingo za tundu. Kwa kawaida daktari humalizia kwa kuziba vena moja ya ndani kwa kijiwaya cha kujiviringisha, ili damu isitoroke yote kwa chini bali ipande kwenye vena za juu ambazo sindano inazifikia.

Cha pili kiliitwa Ellipsys. Hiki hakina sumaku na kinatumia katheta moja tu. Karibu na kiwiko kuna vena fupi inayounganisha vena za juu na za ndani, nayo inapita karibu kabisa na ateri. Daktari akiangalia kwa ultrasaundi anaingiza sindano kwenye vena ya juu, anashuka nayo kwenye ile vena fupi, kisha anatoboa kuingia kwenye ateri. Katheta inafuata njia hiyo hiyo. Ncha yake ina taya mbili, zinabana ukuta wa ateri na wa vena kwa pamoja, halafu joto na mgandamizo vinaziunganisha. Ni kama wanavyofunga mifuko ya nailoni kwa moto. Uzi hakuna na kifaa hakiachwi ndani.

Kwa vyote viwili mgonjwa huenda asilazwe usingizi mzito, mkono unatiwa ganzi. Kidonda chake ni alama ya sindano. Kwa mtu anayeogopa kisu, au ambaye kifundo chake cha mkono hakina vena nzuri ya kushona, hii ni faida ya kweli. Jingine ni kwamba mishipa haikuvutwavutwa na kushikwashikwa kama kwenye upasuaji, na wataalamu wanaona huko kushikwashikwa ni moja ya sababu za fistula kusinyaa baadaye.

Matokeo je? Kifaa cha sumaku kilijaribiwa Canada, Australia na New Zealand, matokeo yakatoka mwaka 2017. Kwa wagonjwa 60 wa utafiti ule, kama asilimia 87 fistula zao zilifikia hali ya kufaa kwa mashine ndani ya miezi mitatu. Ellipsys ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 107, na kwa asilimia 95 kiungo kilifanikiwa kutengenezwa.

Kwa hiyo binamu hajadanganya. Ila kaishia nusu ya hadithi.

NUSU YA PILI YA HADITHI

Moja. Kiungo kutengenezwa ni kitu kimoja, fistula kutumika ni kitu kingine. Kwenye majaribio ya Ellipsys wagonjwa wengi sana walihitaji kurudi kufanyiwa nyongeza, kama kupanuliwa mshipa kwa puto au kuelekezwa damu kwenye vena moja. Bila kisu haina maana ya mara moja na basi.

Mbili. Haifai kila mkono. Mishipa lazima iwe na upana wa kutosha, kama milimita 2 na kuendelea, na iwe jirani vya kutosha. Pia lazima kuwe na ile vena fupi ya kupandisha damu juu. Hilo linajulikana kwa ultrasaundi, halijulikani kwa simu kutoka Marekani.

Tatu. Hizi fistula damu yake mara nyingi inagawanyika kwenye vena kadhaa, haijazi moja ikavimba vizuri. Nesi aliyezoea ile fistula ya kushonwa inayoonekana kwa macho anaweza kuhangaika kuipata. Kwa hiyo lazima wauguzi nao wafundishwe, la sivyo mgonjwa ana fistula nzuri na bado anachomwa ovyo.

Nne. Ushahidi uliopo mwingi ni wa kufuatilia waliofanyiwa. Haujatokana na majaribio makubwa ya kugawa wagonjwa kwa kura, hawa wa kushonwa na hawa wa katheta, halafu wakalinganishwa miaka mingi. Mtu akikuambia moja imeishinda nyingine moja kwa moja, muulize kalinganisha wapi.

Tano, gharama. Inahitaji katheta za kutumia mara moja na kutupa, na ile ya sumaku inataka chumba chenye mtambo wa eksirei kama ule wanaotumia kuzibua mishipa ya moyo. Juu yake awepo mtu aliyefundishwa kifaa hicho hicho. Na kampuni zinauzana. Ya kwanza ilinunuliwa na BD mwaka 2018, ya pili ikanunuliwa na Medtronic mwaka 2020. Biashara ya vifaa vya namna hii inabadilika haraka, kilichoko leo kwenye tovuti kesho huenda hakiuzwi. Huwezi kuweka uhai wa mzee kwenye orodha ya bidhaa za mtu mwingine.

Kwa haki niseme, hata ya kushonwa si ya uhakika. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2008, wagonjwa 877, na kama 6 kati ya 10 fistula zao hazikufikia hali ya kutumika vizuri kwa muda uliowekwa. Wengine walihitaji marekebisho. Hiyo ndio sababu nyingine ya kuanza mapema. Ikigoma ya kwanza, muwe na muda wa kujaribu tena.

NA BABA MDOGO JE?

Baba mdogo hajakosea kabisa. Kuna wagonjwa ambao fistula inavuta damu nyingi mno na vidole vinakosa ya kutosha, vinakuwa vya baridi, vinauma, vinakufa ganzi. Lipo, linajulikana, na linarekebishwa likiwahiwa. Lakini kiganja kinalishwa na ateri mbili, moja upande wa kidole gumba na nyingine upande wa kidole cha mwisho, zinakutana kiganjani. Daktari kabla ya kufanya chochote anazipima zote mbili. Hapo ndipo pa kuuliza maswali yenu, mbele ya daktari, kwenye kikao cha familia hakuna wa kuyajibu.

Pia si kila mgonjwa lazima awe na fistula. Mwongozo mpya wa Marekani uliokamilika mwaka 2019 umelegeza ile kasi ya "fistula kwanza kwa wote", unasema angalia mtu na maisha yake. Mzee sana, au mwenye moyo dhaifu, au mwenye mishipa iliyochoka, daktari anaweza kuchagua bomba la plastiki linalowekwa chini ya ngozi, au akaamua abaki na mpira. Huo ni uamuzi wa kitabibu. Kukataa kwa sababu ya neno "mshipa" ni kitu kingine kabisa.

KWA HIYO MZEE ASUBIRI?

Rudini kwenye zile wiki sita. Hata akifanyiwa kesho, atakaa wiki hizo, pengine miezi, fistula ikomae, na muda wote huo mpira bado uko shingoni. Kila wiki mnayokaa kubishana inajumlishwa hapo. Ushauri wangu kwa mdau ni huu: chukua mzee na baba mdogo, nendeni wote kliniki, mwombe mishipa ya mikono yote miwili ipimwe kwa ultrasaundi. Ulizeni maswali manne. Mkono upi una mishipa mizuri? Nani atashona na ameshona wangapi? Ikigoma tutafanya nini? Huu mpira utatoka lini? Mkitaka, ulizeni na la tano kuhusu hiyo ya katheta. Kama ipo na mkono wake unafaa, vizuri. Kama haipo, ile ya Bronx ipo.

YA KUFANYA NYUMBANI, HATA KAMA HUJAAMUA

Hii ni kwa kila mwenye figo zilizoanza kushuka, hata ambaye hajafika kwenye mashine.

1. Tunza vena za mkono usioutumia sana. Wa kulia atunze wa kushoto. Damu ya vipimo na dripu viende nyuma ya kiganja au mkono wa pili. Mwambie nesi, hatakasirika.

2. Fistula ikishatengenezwa, mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu ya vipimo, usichomwe dripu. Saa ya kubana, bangili ya kubana, kulalia mkono, kubeba ndoo kwa mkono huo, acha.

3. Kila asubuhi weka vidole juu ya fistula. Utasikia mtetemo, kama paka anayekoroma. Huo ndio uzima wake. Ukipotea, nenda hospitali siku hiyo hiyo maana huenda damu imeganda, na ikiwahiwa huweza kuzibuliwa.

4. Ikivuja damu, bonyeza kwa nguvu pale pale panapotoka, kwa kitambaa safi, inua mkono juu, usiachie kuchungulia kila mara, elekea hospitali. Usifunge kamba.

5. Ukiona wekundu, usaha, joto, uvimbe unaokua haraka au vidole vya baridi, usingoje siku ya mashine.

Na kwa wale wenye sukari na presha ambao bado figo zinadunda, haya yote hamjayafikia, na mnaweza msiyafikie. Pimeni figo, kipimo cha damu na mkojo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu una sindano mbili kila siku ya mashine.

Naomba kuwasilisha. Kama kuna mdau ana fistula mkononi, ya kushonwa au ya katheta, au ni nesi wa kitengo cha kusafisha damu, tafadhali andika hapo chini watu wajifunze. Umekaa nayo miaka mingapi? Ilichukua muda gani kukomaa? Majina ya wagonjwa na ya hospitali mnazozilalamikia msiweke. Maoni ruksa, matusi nafuta.